Kaka Nisiyeketi Naye

Mpendwa Mama Teisa,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na wote mnaotengeneza gazeti, na kabla sijasema ninachoomba nitangulize jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata kwenye maombi nalipita haraka haraka: kila Jumapili baada ya ibada, kaka yangu anapopiga simu kutoka Australia kuongea na Shangazi, mimi naaga kwamba naenda kuchambua majani ya magimbi, halafu nasimama nyuma ya ukuta wa jikoni nimebana pumzi, nasikiliza sauti yake mpaka simu ikatwe.

Basi, nimelisema, na ninaandika haraka, utaniwia radhi kwa mwandiko.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, ninaishi visiwa vya Ha'apai hapa Tonga, nasoma shule ambayo masomo mengine ni kwa Kitonga na mengine kwa Kiingereza, na katika lugha zote mbili mimi ni mtu wa kunyamaza, mwalimu akiniuliza swali ambalo jibu lake ninalo mdomoni namwangalia tu mpaka anamgeukia mwingine. Majina ya watu humu nimeyabadilisha wasijulikane, isipokuwa la kaka yangu, nilijaribu kumpa jina jingine nikafuta, nikajaribu tena nikafuta, nikaona ninamwandika mtu nisiyemjua.

Mama yangu alitangulia nikiwa sijaanza shule, Baba akamfuata kwa ugonjwa wa sukari, tukabaki wawili, mimi na kaka yangu ambaye amenizidi miaka minane, tukalelewa na Shangazi Ilaise, dada mkubwa wa Baba. Wewe ni mtu wa hapa, Mama, heshima ya kaka na dada huna haja ya kufundishwa na mtoto, ila nikwambie tu kwamba kwetu bado tunaishika hasa. Siku nilipoanza kuwa mkubwa kaka yangu hakuambiwa na mtu, alibeba mkeka wake na mto wake, akajijengea kibanda cha mabati kando ya nyumba, na tangu siku hiyo hatujaketi chumba kimoja, akiingia yeye na televisheni inawaka mimi natoka, nikiwahi mimi yeye anapitiliza kama mtu aliyesahau kitu nje. Chakula chake nilikuwa nakipika mimi, nakifunika, nakiweka mlangoni kwake, nagonga ubao mara moja naondoka, na sahani nilikuwa naikuta asubuhi imeoshwa. Mara moja kijana mmoja wa jirani alitania neno chafu nikiwa ninapita na ndoo, kaka hakumpiga wala hakusema neno, aliinuka tu akaacha chakula chake na kwenda zake, na yule kijana aliona aibu mpaka wiki mbili hakukanyaga kwetu. Huyo ndiye kaka yangu.

Akaenda Australia kuchuma matunda, huko akamwoa Meliame, Mtonga aliyezaliwa kule kule, sasa anaezeka mapaa ya nyumba, wana mtoto mmoja, na makaratasi yake ya uraia ameyapata, ndipo akaniombea viza niende kuishi naye, kwa sababu mimi ni yatima na yeye ndiye ndugu yangu wa tumbo moja peke yake duniani. Shangazi amefurahi kuliko sisi sote. Miguu yake inavimba siku hizi na kutembea kwake ni kwa kushika ukuta, na amesema hataki kufa akiniacha nikihamishwa nyumba hadi nyumba kama kiti cha msibani. Nafasi hii ni ya watoto, Mama, wakiikataa sasa siwezi kuomba tena, maana nitakuwa nimevuka umri.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mwezi uliopita afisa wa viza alinipigia simu, mama mmoja mwenye sauti nzuri tu, Kiingereza chake nilikielewa chote, hakuna nilichokosa, na hilo ndilo linaloniuma. Aliniuliza,

"Unaongea na kaka yako mara ngapi kwa wiki?"

Nikamwambia, "Hatuongei."

"Kwa mwezi, je?"

"Hatuongei."

Nikasikia anaandika. "Mmegombana?"

"Hapana. Ninamheshimu."

"Mnapenda kufanya nini mkiwa pamoja?"

"Hatuwi pamoja."

"Mna picha mlizopiga wawili?"

Nikafikiri, Mama, nikazipitia picha zote za nyumba hii moja moja kichwani, ya kipaimara changu yeye ndiye aliyeshika kamera, ya harusi ya binamu yeye yuko mwisho kushoto na mimi mwisho kulia na ukoo mzima katikati, ya mazishi ya Baba mimi niko ndani na wanawake na yeye yuko nje kwenye jiko la shimo anaonekana mgongo tu na moshi. Nikamwambia, "Hatuna."

Akasema asante sana, akakata, na mimi nilijisifu kwamba nimejibu kila swali bila kigugumizi.

Kisha ikaja baruapepe kwa kaka, niliijua kwa kumsikia akimsomea Shangazi, kwamba hawajaridhika kama sisi tunajuana kindugu, kwamba anayeombewa mwenyewe amekiri hana mawasiliano na anayemwombea, tulete ushahidi zaidi, picha, ujumbe wa simu, chochote, mwisho wake ni mwezi ujao. Jumapili ile Shangazi alimwambia nimeenda kwaya, kumbe niko nyuma ya ukuta, nikamsikia kaka akimwambia Shangazi (Shangazi huwa anaiweka simu spika dirishani kwa sababu masikio yake yamepungua), "Shangazi, sijui nimekosea wapi. Labda ni mshahara wangu wameuona mdogo. Labda hawa maofisa wameniona mimi si mtu wa kumlea mtoto wa kike. Hiyo habari ya hatuna mawasiliano sijui wameitoa wapi, labda nimejaza vibaya."

Shangazi akamwambia, "Usijilaumu, baba. Wazungu wana mambo yao."

"Binti yako asiambiwe," akasema. "Atapata wasiwasi, ana mitihani."

Huyo "binti yako" ni mimi, Mama. Jina langu hulitamka kwa nadra, husema binti yako hajambo, binti yako viatu vilimtosha, binti yako bado anakohoa. Nilisimama pale na majani ya magimbi yamesagika mkononi.

Nikamweleza Vasiti, binti wa mama yangu mdogo, ambaye ni kama dada yangu na hana siri ila hii nilimwapisha, yeye anajua mambo ya kompyuta kuliko mwalimu wa kompyuta. Akanicheka kwanza.

"Yaani umeulizwa una kaka, ukasema hatuongei! We mtoto, ungesema tu mnaongea kila siku, nani angekuja Ha'apai kuhesabu?"

"Ingekuwa uongo."

"Na sasa ukweli wako umekufikisha wapi? Nipe picha zenu."

Alikaa nazo jioni moja, akanirudishia picha moja kwenye simu. Mimi na kaka tumeketi kwenye kochi moja, bega kwa bega, mkono wake umenizunguka shingoni, tunacheka.

"Haya, angalia kazi ya dada yako," akasema. "Hata kivuli nimekiweka. Na ujumbe wa simu nitakutungia, wa mwaka mzima, mimi ntakuwa Feleti wewe utakuwa wewe. Ntakutumia na vikatuni vya moyo."

"Vasiti, ni aibu!"

"Aibu ni kubaki hapa unagonga gome liwe nguo mpaka uote nundu, na kaka yako ana chumba cha bure."

Nilisikia uso unaniwaka moto, Mama, kuona mkono wa kaka yangu shingoni mwangu, niligeuza simu nikaifunika na mto. Lakini nikaifunua tena. Na ukweli ni kwamba nimeitazama kila siku tangu ile siku, si kwa sababu ya viza, ni kwa sababu sikuwahi kujua tukicheka wote tunafanana hivi, meno yetu ni yale yale ya Baba.

Sasa niambie nifanye nini. Nikituma picha hii nitakuwa nimedanganya serikali ya watu na kumvunjia kaka heshima ambayo ameilinda tangu nikiwa mdogo, na wakigundua watamharibia jina yeye na mke wake. Nisipotuma, yule mama wa sauti nzuri atafunga faili, na kaka atabaki akiamini kosa ni la mshahara wake. Natamani kumwambia kwamba ni mimi niliyesema, lakini nitamwambiaje mtu nisiyeongea naye? Na Shangazi nikimwambia atajua kwamba ninasikiliza simu zao, msichana mzima anajibanza nyuma ya ukuta kumsikiliza kaka yake, sijui ataniona mtu wa namna gani.

Shangazi alikuwa kwenye nyumba wanawake wanamopiga gome, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika, lakini nyundo zimenyamaza muda sasa na namsikia barazani, mguu mmoja anaukanyaga na mwingine anauburuta, anashika ukuta, anakuja huku. Mpaka sasa karatasi hii nilikuwa ninaifunika kwa daftari la hesabu kila kuku akipita. Amefika mlangoni, anaita jina langu. Daftari nimeliondoa, Mama Teisa, liko sakafuni, na karatasi iko mezani wazi na mimi bado ninaandi

* * *

MAMA TEISA ANAJIBU:

Binti yangu,

Barua yako imenifikia ikiwa na miandiko miwili. Wa kwanza ni wako, umekatika katikati ya neno. Wa pili ni mkubwa, umeinama kulia, na kwa kuwa ulitumwa kwangu nauchapisha kama ulivyo:

"Mama Teisa, mimi ndiye huyo shangazi. Nimesoma nimesimama, miguu ikauma, nikakaa nikasoma tena. Huyu mtoto analia nimemwacha alie. Mwambie wewe, maana akiambiwa na mimi atadhani namwonea huruma: mimi si kiziwi. Simu naiweka dirishani kwa sababu kaka yake aliniomba, tangu mwezi wa kwanza alipofika kule. Alisema, Shangazi, iweke karibu na jikoni, halafu ongea kidogo, niache mimi niongee. Unafikiri habari za mapaa na mvua na mtoto kuota jino ananisimulia mimi? Mimi nimezaa watano, meno nimeyaona."

Haya. Umesikia. Futa machozi, kaa vizuri, nikugombeze.

Kwanza, ile picha ifute. Leo, si kesho, na kwenye simu ya Vasiti pia ifutwe, usimwachie hata nakala ya kuonyesha wenzake. Vasiti ana kipaji, akatengeneze kadi za harusi. Huko kwenye ofisi ya viza kuna watu wetu wanaofasiri, na Mtonga yeyote akiiona picha ya kijana wa Ha'apai amemkumbatia dada yake shingoni kwenye kochi, atajua ni ya uongo kabla hajakiangalia hicho kivuli. Ungepoteza viza kwa picha ambayo hata haiaminiki! Na ujumbe wa kutunga ndiyo kabisa. Uongo mmoja ukionekana, ukweli wenu wote unatupwa nao, na kaka yako hataombea mtu tena mpaka mvi zimtoke.

Najua ulichokuwa unakitazama kwenye picha ile. Sikulaumu hata kidogo. Lakini meno ya Baba yako mnayo bila Vasiti.

Pili, wewe hukudanganya, ila ulimpa yule afisa nusu ya jibu na nusu nyingine ukaimeza. Usimchukie. Kwao watu wasioongea wamegombana, yeye atajuaje kwamba kwetu ndugu wasioongea ndio hao wanaopendana? Swali lilikuwa la kwao, ukajibu la kwetu, tena kwa maneno mawili. Afisa hawezi kuandika kitu ambacho hujakisema.

Sasa tumieni muda mliopewa. Shangazi amwambie kaka yako atafute mwanasheria wa uhamiaji aliyesajiliwa, si yule mjuaji anayekaa benchi la nyuma kanisani, na kama muda unabana, mwanasheria aombe waongezewe. Kuomba si dhambi. Sheria ataijua yeye, mimi sijui, nami sitaki uniulize. Ninachojua ni watu. Picha zenu zote za kweli zitoeni kwenye fremu: ya kipaimara, ya harusi, ya mazishi. Chini ya kila moja andika kwa Kiingereza chako hicho kizuri nani amesimama wapi na kwa nini. Yeye mwisho kushoto, wewe mwisho kulia: hiyo ndiyo picha yenu wawili, mwambie afisa hivyo, na umwambie nani alishika kamera. Kibanda cha mabati nacho kipigwe picha, mlango na ule ubao. Mchungaji aandike barua kueleza heshima hii ni nini na ninyi mmeishika vipi. Hata yule kijana aliyetania neno chafu, kama ni mwanamume, aandike alichokiona. Atakuwa ameshakua sasa, na aibu imeshamtoka.

Na wewe Ilaise, usijifiche nyuma ya miguu. Umejua miaka yote hii kwamba mtoto yuko nyuma ya ukuta na kijana yuko upande wa pili anaongea na ukuta, ukaona ni jambo zuri, ukanyamaza. Ni zuri, lakini limewafikisha hapa. Wewe ni dada wa baba yao, neno lako katika nyumba hiyo halina wa kulipinga. Basi liseme. Mpe huyu msichana ruhusa ya kumwandikia kaka yake, barua moja, uisome wewe kwanza kama unataka, uipeleke wewe. Kuandikiana si kuketi pamoja, hakuna heshima inayovunjika hapo. Halafu uende kwa hakimu ukaape kiapo chako, ueleze simu za Jumapili, dirisha, na ombi la Feleti, kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi. Hiyo habari ya meno usiiondoe.

Jina la kaka yako, binti, nimelibadilisha mimi, kwa kuwa wewe ulishindwa. Humu gazetini anaitwa Feleti, mvumilie.

Katika barua utakayomwandikia usizunguke. Mwambie ni wewe uliyejibu "hatuongei", na kwa nini ulijibu hivyo. Kijana amebeba mwezi mzima kosa ambalo si lake, anapanda mapaani akiwaza mshahara. Hilo hukupaswa kulichelewesha hata kwa siku za kusubiri gazeti. Kama unasoma hapa na bado hujaandika, liweke gazeti chini.

Halafu mtamwomba afisa akupigie tena. Najua hilo hukutaka kulisoma. Atakuuliza maswali yale yale. Usimjibu kwa neno moja. Mwambie, "Mama, nipe nafasi nikueleze," kisha mweleze huyo kaka ni mtu gani, usiache kitu, hata kama atatamani kukata simu. Mimi umeniandikia kurasa nne kwa pumzi moja, wala sikukuuliza swali.

Mama Teisa